Marufuku Kusaidiana

Mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo katika kanisa letu la Nyalenda kwa miaka ishirini na miwili, na naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea. Mchungaji akisema "tusimame tuimbe," hakuna aliyetazama kitabu kwanza. Walinitazama mimi. Nilikohoa kidogo, nikafungua mdomo, na popote sauti yangu ilipoangukia, hapo ndipo kanisa lote lilipoanzia. Ikianguka juu mno, wazee walihangaika. Ikianguka chini mno, akina mama walinung'unika. Lakini walinifuata, maana kwetu anayeanzisha wimbo ndiye mwenye wimbo.

Sauti hiyo niliinoa sokoni Kibuye, ninakouza mapazia ya mitumba. Kibuye ukiita mteja kwa adabu, utarudi nyumbani na mapazia yako yote.

Kwa hiyo Sheryl alipochumbiwa, sikuuliza ni nani ataanzisha wimbo wa harusi. Sheryl ni binti wa Dorca, na Dorca ameolewa na mdogo wa mume wangu Oduor, basi kwa desturi yetu Sheryl ni mtoto wangu vilevile. Mimi na Dorca huitana nyieka, jina wanaloitana wanawake walioolewa na ndugu, na kama ilivyo kwa wanawake wa namna hiyo, tunapendana na tunachungana. Siku mtoto alipoletwa nyumbani kutoka hospitali nilimbeba, nikasema mbele ya watu: "Huyu akiolewa, wimbo wake nitaanzisha mimi." Watu walisikia. Dorca mwenyewe aliitikia amina.

Matata yalitoka kwa wakwe. Bwana harusi ni wa ukoo wa Mzee Wepukhulu kutoka upande wa Bungoma, na watu hao sijui walinyonyeshwa nini, maana huimba sauti nne hata wakiosha vyombo. Siku ya kuja kujitambulisha walisimama sebuleni kwa Dorca, watu kumi na mmoja, wakaimba wimbo wa kushukuru chakula. Hakuna aliyeanzisha. Waliingia wote mara moja, kila mtu na lake, na mambo yao yote yakapatana. Niliwatazama midomo mpaka chai yangu ikapoa. Kisha ikawa zamu yetu. Tuliimba wote kitu kimoja, kwa nguvu sana. Sina la kuongeza hapo.

Dorca hakulala. Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walimleta Griffins, mwalimu kijana wa muziki, wakampa miezi mitatu atufundishe wimbo nambari themanini na saba kwa sauti nne. Ungeimbwa Sheryl akiingia kanisani, wakwe wakisikiliza. Nilipiga makofi kuliko wote. Nilidhani Griffins amekuja kunipangia watu wa kuimba nyuma yangu.

Alikuja na kinanda kidogo cha betri, akatuita mmoja mmoja kupanda ngazi za do, re, mi. Dorca alipanda mpaka juu na sauti yake nyembamba, akashuka bila jasho. Nami nikapanda. Nilipofika juu, kwenye la, sauti ikakwama. Nikakohoa, nikarudia. Ikakwama palepale.

"Mama, polepole," Griffins akasema. "Hapa juu unapigana. Hebu shuka."

Nikashuka mpaka do, akanionyesha kwa mkono niendelee, nikaenda chini zaidi, na zaidi, mpaka yeye mwenyewe akaacha kinanda akacheka kwa furaha.

"Unaona? Huku chini umekaa poa kabisa. Wewe ni tenor, Mama. Sauti ya tatu. Na hapa niko na mtu mmoja tu wa hiyo sauti. Mungu amekuleta."

Sauti ya tatu ni ya wanaume. Hata asiyejua muziki anajua hivyo. Mtu alicheka nyuma yangu. Ondiek, mchomeleaji wa milango ya chuma, ambaye ndiye alikuwa huyo mtu mmoja, alisogea kwenye benchi kunipisha nafasi, na kusogea kwake kulinikasirisha kuliko kile kicheko.

"Mwalimu," nikamwambia, "unajua mimi ni nani hapa?"

"Najua, Mama Owiti." Owiti ni kifungua mimba wangu.

"Na wimbo ataanzisha nani?"

"Hakuna kuanzisha. Mimi nitatoa noti na kinanda, tunaingia wote pamoja. Soprano watashika ule wimbo wenyewe, na Mama Sheryl ndiye atakuwa anawaongoza."

Mama Sheryl ni Dorca. Alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake, lakini mdomo niliuona. Nilichukua kitabu changu nikaenda nyumbani.

Nitasema kweli, maana nina umri wa kuisema. Noti za juu zilikuwa zimeanza kunihama miaka mitatu kabla ya hapo. Kila mwaka nilianzisha nyimbo chini kidogo ili mtu asijue, kanisa likanifuata kule chini, na mchungaji mmoja mgeni akatusifu kwamba tunaimba kwa unyenyekevu. Wengine walijua. Walininyamazia kwa heshima, nami niliwashukuru kwa kujifanya sijui kwamba wanajua. Halafu kijana wa miaka ishirini na sita akaja na kinanda cha betri, akasema yote kwa dakika kumi. Iliniuma. Iliniuma sana.

Wiki mbili sikukanyaga mazoezi. Oduor akaniuliza, "Umegoma?"

"Sijagoma. Napumzika."

"Aa, pumzika," akasema, akarudi kwenye redio yake. Oduor ana busara ya kuogopa.

Aliyenitoa nyumbani ni Sheryl. Alinijia Kibuye siku ya kazi, akaketi juu ya marobota yangu, akaanza kukunja pazia ambalo nilikuwa nimeshalikunja.

"Mama mkubwa, wanasema umeacha kwaya."

"Wanaosema wanajua kusema."

"Si ulisema utaimba harusi yangu?"

"Nilisema nitaanzisha. Kuna tofauti."

"Mimi nilikuwa na siku tatu," Sheryl akasema. "Sikusikia vizuri ulisema nini." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mama mkubwa, mimi nitakuwa naogopa siku hiyo. Nataka tu nikiingia nikusikie uko hapo. Hayo mengine ni yenu."

Nilimwambia nitafikiri. Alipoondoka, Zeituni, ambaye huuza viatu kwenye kibanda kinachopakana na changu na husikia kila neno kwa kuwa tumetenganishwa na shuka, alitoa kichwa.

"Mtoto amekuomba maji," akasema, "wewe unabishana juu ya kikombe."

"Zeituni, haya ni mambo ya kanisa."

"Hata msikitini watu wa aina yako wapo."

Jumatano nikarudi. Niliketi kati ya Ondiek na ukuta, na nilimwambia Ondiek asisogee hata kidogo. Griffins hakusema neno la kunikaribisha, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Alikuwa amebandika karatasi kubwa ukutani, na noti zimeandikwa kwa herufi, safu nne, moja juu ya nyingine. Mstari wa kwanza wa soprano ulikuwa mi, mi, fa, mi, ule wimbo wenyewe ninaoujua tangu nikiwa mtoto. Chini yao alto walikuwa na do, do, do, do, na nikaona kwamba wako walioonewa kuliko mimi. Besi do, do, fa, do. Sisi: so, so, la, so.

"Hii ni wimbo ama ni kengele?" nikamuuliza Ondiek.

"Utazoea, Mama Owiti. Mwanzo inakaa kama umetumwa dukani ukasahau umetumwa nini."

Griffins aliturekodia kila sauti peke yake, akatutumia kwa simu. Nilifunga simu yangu kwenye kamba ya kutundikia mapazia, nikaimba so, so, la, so kutoka asubuhi mpaka saa ya kufunga. Siku ya tatu Zeituni alishindwa kuvumilia.

"Huo wimbo hauna kichwa."

"Kichwa kiko kwa Dorca."

"Na wewe umepewa nini?"

"Mbavu," nikasema, nikaendelea.

Ugumu haukuwa noti. Ugumu ulikuwa mazoea. Ningeanza vizuri, so, so, na kabla sijajua mdomo umepotea njia umerudi kwenye wimbo, kwa sababu miaka ishirini na miwili mdomo huo ulikuwa haujui njia nyingine. Ondiek alinifundisha kuziba sikio moja kwa kidole ili nijisikie mwenyewe. Tulikaa hivyo kwenye benchi, mimi na fundi wa milango, kila mtu na kidole sikioni, na mwezi wa pili wa mazoezi ulipoingia nilikuwa naweza kwenda mstari wote bila kuanguka. Sitaficha: siku hiyo nilinunua soda mbili, nikampa Zeituni moja bila kumweleza sababu.

Kila sauti ilipojua yake, Griffins akatuunganisha. Hapo ndipo alipokutana na sisi wenyewe.

Ubeti wa kwanza tuliingia vizuri. Mstari wa tatu una mahali ambapo soprano hupanda ghafla, na akina dada wawili wakatetemeka. Alto mmoja akaona wanatetemeka, akawaingilia kuwasaidia. Besi wakaona alto anasaidia peke yake, wakasaidia. Ondiek akasaidia. Mimi nilisaidia kuliko wote. Ubeti wa pili ulipoanza, watu kumi na tisa tulikuwa tunaimba mi, mi, fa, mi kwa pamoja, kwa nguvu, na nyuso zimejaa wema.

Griffins alishusha mikono. "Alto wako wapi?"

Alto walitazama karatasi ya ukutani.

"Besi? Mbona mmeacha noti zenu?"

"Mwalimu," Ondiek akasema, "wale wamama walikuwa wanaanguka. Sasa tungewaacha aje?"

Ilibidi tumweleze, maana alikulia katika mabweni ya shule. Kwetu mtu akianzisha wimbo kwenye matanga kisha machozi yakamkaba, hamtazamani. Aliye karibu naye anachukua wimbo palepale ulipofika, wengine wanajaza, na mwenye kulia anaketi chini. Kumwacha mtu akitapatapa na wimbo mbele ya watu ni sawa na kumpita mama aliyeangusha mzigo barabarani. Dorca ameshanichukulia mimi mara mbili, nami nimemchukulia nisizoweza kuhesabu. Hayo ndiyo malezi yetu, na ndiyo yaliyokuwa yanatuharibia sauti nne.

Griffins alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni vizuri sana. Mazoezi yaliyofuata alikuja na karatasi nyingine, ameandika kwa kalamu nyekundu, akaibandika juu ya ile ya noti: MARUFUKU KUSAIDIANA.

Mchungaji aliingia kuchukua miwani yake, akaisoma mara mbili. Jumapili iliyotangulia alikuwa amehubiri kuhusu kubebeana mizigo.

"Ni ya kwaya tu, Mchungaji," Griffins akasema haraka.

"Na Bwana asifiwe," mchungaji akasema, akatoka polepole.

Griffins alituweka kwenye pembe nne za kanisa, nyuso ukutani, migongo kwa wenzetu. "Ukisikia mwenzako anaanguka," akasema, "wewe shika yako tu. Ukikimbia kwake, mtaanguka wawili. Ukibaki kwako, ako na mahali pa kurudi."

Nilimwona mkatili. Niliimba nikiwa nimetazama mabati ya ukuta, nikisikia Dorca na wenzake wakiteleza mstari wa tatu, na shingo yangu yote ilitaka kugeuka. Tulirudia Jumatano, tukarudia Jumamosi, tukarudia tena. Na Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, kama saa tisa mchana, joto kali, soprano wakapanda mstari wa tatu wasiteleze. Alto wakakaa kwao. Besi wakashuka. Mimi na Ondiek tukaingia kwenye la, nikasikia la yangu imeshikwa. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye hajawahi kuimba hivyo. Nilikuwa naimba noti moja na kifuani mwangu zilikuwa nne. Mabati yalikuwa yananguruma. Nilikuwa nimeongoza kanisa lile kwa miaka ishirini na miwili na sikuwahi hata siku moja kulisikia, kwa sababu kila siku nilichosikia ni mimi.

Nililia. Nilitazama ukuta nikalia, na sikuacha noti yangu. Griffins alisema tu, "Rudia." Nilikwenda nyumbani siku hiyo na furaha ya ajabu, nikampikia Oduor samaki bila yeye kuomba, mpaka akaniuliza nimevunja nini.

Msifikiri nilikuwa nimebadilika moyo wote. Kila nilipomsikia Dorca akibeba ule wimbo mbele, kitu kidogo kilinichoma. Ulikuwa wimbo wangu. Nilikuwa nimeuahidi mtoto akiwa na siku tatu. Nilikuwa nimekubali mbavu, lakini nisingekataa kichwa kama kingenijia.

Nacho kikaja.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya pili ya Desemba. Wakwe walifika na basi zima, wakaketi upande wa kulia, na kwaya yao ikaimba wimbo wa kufungua ibada. Niliwasikiliza sasa kama mtu anayejua kilichomo. Walikuwa wazuri. Sauti yao ya tatu ilikuwa na wanaume wanne, na mmoja wao alikuwa anateleza kidogo, jambo lililonipa moyo sana.

Mlango ukafunguliwa. Griffins akatoa noti kwa kinanda, akainua mikono, tukaingia wote kumi na tisa mara moja. Nikasikia upande wa wakwe ukitulia. Ubeti wa kwanza ulikwenda kama maji. Dorca alikuwa mbele kwenye soprano, gauni la rangi ya samawati, amesimama wima. Watu walimwambia mama wa bibi harusi haimbi, anaketi analia. Alikataa. Alisema atalia baadaye.

Ubeti wa pili ulipoanza, Sheryl akatokea mlangoni ameshika mkono wa baba yake. Alikuwa anaogopa kama alivyosema, nilimwona hata kwa mbali, midomo imekauka. Alitembea hatua nne, tano. Akamtazama mama yake.

Dorca akanyamaza.

Hakupunguza sauti. Ilikatika. Alibaki na mdomo wazi na mabega yanatetemeka, na wale soprano wengine wanne, ambao kwa miezi mitatu walikuwa wakimwegemea yeye, wakamtazama wakakatika pia. Mmoja akaanza kulia naye. Wimbo ukawa hauna wimbo. Kilichobaki ni alto na do zao, besi kule chini, na mimi na Ondiek tukipita katikati na so, so, kitu ambacho kwa msikilizaji asiyejua ni kama nyumba iliyobaki kuta.

Watu wetu kwenye mabenchi walijua la kufanya. Niliona vichwa vikigeuka kuja kwangu, safu baada ya safu, kama zamani. Ondiek alinitazama kwa pembe ya jicho. Mama mmoja mbele alinipungia mkono kabisa: chukua! Na kwa adabu zetu zote nilipaswa kuchukua. Hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu. Wangesema, Mama Owiti amemwokoa nyieka wake. Pale chini ambapo Griffins alikuwa ametutolea noti, wimbo ule ningeuweza, sauti yangu ingefika. Ungekuwa wangu, mbele ya wakwe, Sheryl akitembea. Mdomo wangu ulikuwa tayari umeanza kufuata njia yake ya zamani.

Nilitaka. Nasema wazi kwamba nilitaka, na sikuwa nataka kwa ajili ya Dorca.

Halafu nikawaza: nikichukua, Dorca ataketi. Ndivyo inavyokuwa kila mara. Mtu akichukuliwa wimbo, anaketi chini, na ule wimbo haurudi kwake tena.

Nikaimba so. Nikaiimba kwa ile sauti ya Kibuye, ile ya kuita mteja aliye upande wa pili wa barabara, lakini so palepale pake, bila kuhama. Ondiek alishtuka, kisha akaniunga mkono. Nikaona alto aliyekuwa amefungua mdomo kusaidia akiufunga, akarudi kwenye do yake. Besi wakakaza. Griffins alikuwa ameinua mikono, hatazami mtu mwingine yeyote isipokuwa Dorca, na mkono wake haukubadilisha mwendo. Mstari mzima ulipita hivyo. Ukapita wa pili. Yule mama wa mbele alinikazia macho, na nikajua kwamba Nyalenda nzima itaniita mtu mbaya kabla ya jioni. Sheryl alikuwa anakuja. Aligeuka kidogo upande wangu, na hapo nikajua amenisikia.

Tukafika mstari wa tatu, pale soprano wanapopanda ghafla. Tukapanda la, mimi na Ondiek, tukaikalia.

Na Dorca akaingia. Alipanda moja kwa moja, machozi yanamtiririka mpaka shingoni, nyembamba, safi, mahali pake kabisa, na wale wanne wakamfuata nyuma kama vifaranga. Sijawahi kumsikia akiimba vile na sitarajii kumsikia tena. Tulimaliza ubeti wa pili, tukaimba wa tatu na wa nne, na Sheryl alikuwa amefika mbele anatabasamu.

Chakula kililiwa ufukweni Dunga, chini ya mahema, ziwa likiwa mbele yetu na moshi wa samaki kila upande. Mzee Wepukhulu alimshika Griffins mkono asimwachie. Alitaka kujua ni nani aliyepanga soprano wanyamaze vile katika ubeti wa pili bibi harusi akitembea. Alisema kwaya yao imeimba wimbo huo miaka thelathini na hawajawahi kuwaza jambo kama hilo, na tafadhali awape karatasi. Griffins alisema atawatumia. Alinitazama juu ya bega la mzee, akaondoa macho haraka asije akacheka.

Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nimeketi pembeni na sahani yangu, na akina mama watatu walikuwa wameshapita bila kunisalimu. Kisha nikamwona Dorca anakuja, sahani mkononi, macho bado mekundu. Nilijiweka tayari. Aliketi kiti cha karibu nami, akatenganisha samaki wake na miiba kwa muda mrefu.

"Nyieka," akasema, "nilikuwa nakungoja."

"Najua."

"Nilikuwa najiambia, sasa hivi atachukua. Sasa hivi. Hata nilishatafuta kiti kwa macho. Na wewe huchukui. Nikasema, huyu mwanamke ana roho gani?"

"Dorca..."

"Ngoja nimalize. Sikuwa najua tumefika wapi. Kichwa yote ilikuwa imeenda. Sikuona mwalimu, sikuona kitabu. Nilikuwa nasikia tu wewe, umekaa hapo, huendi mahali. Nikasema, kama huyu yuko hapo, basi mimi niko pale." Alionyesha kwa kidole, kidogo juu ya kichwa chake, mahali noti ilipokuwa. "Nikaenda pale."

Niligeuza samaki wangu kwenye sahani.

"Nilitaka kuuchukua," nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia. "Si kwa kukusaidia. Nilitaka tu uwe wangu."

"Najua," Dorca akasema. "Nimekujua miaka thelathini." Alichagua kipande kizuri cha samaki, kisicho na mwiba, akakiweka kwenye sahani yangu. "Lakini mtoto wangu nimemwimbia mwenyewe. Mpaka mwisho."